Mwanangu anauliza kama mlango umefungwa

SWALI

Assalaam aleikum, ndugu washauri.

Sisi ni watu wa Mombasa, mwaka wa tano sasa tunaishi Minnesota. Mwezi wa nane tulihamia nyumba nyingine ya kupanga, kubwa kidogo, kwa sababu mama mkwe wangu alikuwa anakuja kukaa nasi. Nina watoto wawili: wa kiume ana miaka minane, wa kike alitimiza minne mwezi wa saba.

Jumamosi iliyopita mkubwa aliazima maktaba DVD ya Mickey's House of Villains, ile katuni ya Halowini, usiku wa vinyago na peremende wa huku Marekani, ambayo maadui wa Disney wote wanakusanyika mahali pamoja. Wenzake shuleni wameiona na wanaizungumza. Akaiweka baada ya chakula cha usiku, nami nikiwa jikoni naosha vyombo. Mdogo akakaa naye. Mwanzo nilisikia wanacheka. Kisha ukaja wimbo mmoja wa kelele nyingi, na mdogo akapiga ukelele akaja mbio kunishika miguu. Baba yao akazima TV papo hapo.

Tangu usiku ule hatulali. Anasema “mtu wa fimbo ya nyoka” anakuja. Siku mbili aliamka kama saa nne usiku, saa mbili tu baada ya kulala, anapiga kelele macho wazi, nikimshika ananisukuma kana kwamba hanijui. Asubuhi hakumbuki lolote. Siku nyingine anakuja chumbani kwetu karibu na alfajiri, analia na kusimulia alichoota. Chooni haendi peke yake. Kabla ya kulala ananiuliza mara tatu, mara nne, kama mlango umefungwa.

Mume wangu anamwambia ni katuni tu, si kweli, na anaona namdekeza. Mama mkwe anasema diski hiyo imeingiza mashetani ndani ya nyumba na irudishwe leo kabla ya kesho. Mkubwa amenuna, kwa sababu niliahidi angeimaliza kabla ya tarehe 31 Oktoba. Sitaki kumvunjia heshima mama mkwe, sitaki kumvunjia ahadi mwanangu, na namhurumia sana huyu mdogo. Nifanyeje?

Mama wa wawili, Minnesota

JIBU

Waaleikum salaam, dada. Poleni sana, maana nyumba ambayo mtoto mmoja halali, hakuna anayelala.

Umeandika jambo moja ukalipita haraka, nasi tunaona ndilo shina la habari yote. Mtoto anauliza kama mlango umefungwa. Hakuulizi kama nyoka anauma, wala kama yule mtu ni mkubwa kuliko baba. Anauliza mlango. Ukiijua filamu yenyewe, swali hilo lina maana iliyonyooka kabisa.

Filamu hii ilitoka Septemba 2002, moja kwa moja kwenye kanda na DVD, na ina dakika 70 hivi. Mickey na wenzake wana klabu yao ambapo wahusika wa katuni huenda kukaa mezani na kutazama filamu fupi. Usiku wa Halowini maadui wamejaa ukumbini: Jafar, adui wa Aladdin, na fimbo yake yenye kichwa cha swila, Captain Hook, Ursula mwenye minyiri ya pweza, Cruella de Vil, na Hades ambaye nywele zake ni moto wa buluu. Wanangoja saa sita usiku. Saa ikigonga, wanaiteka klabu, wanaigeuza jina, na wenye klabu wanatupwa nje barabarani. Wimbo uliousikia kutoka jikoni unaitwa “It’s Our House Now”, yaani nyumba hii sasa ni yetu.

Sasa mweke hapo binti wa miaka minne ambaye mwezi wa nane alihama nyumba aliyoizoea. Hajui bado kila sauti ya nyumba hii mpya, wala kitasa kipi ni cha mlango upi. Anaona watu wanaingia katika nyumba ya wengine, wanaimba kwamba imekuwa yao, na wenye nyumba wako nje. Ndipo baba anazima TV. Kwa hiyo kwake hadithi imeishia pale pale: maadui ndani, wenyewe nje. Hajaona Mickey anarudi kupigana na Jafar, wala ile taa ya Aladdin inayowafyonza maadui wote na klabu kurudi kwa wenyewe. Mumeo, dada, hakukosea kumwondoa mtoto kwenye hofu, mzazi yeyote angefanya hivyo. Ila habari imebaki wazi kichwani mwa mtoto, na kila usiku anajaribu kuifunga mwenyewe.

Kuhusu “si kweli hiyo”. Kwa kijana wa miaka minane maneno hayo yanafanya kazi. Kwa mtoto wa miaka minne hayafanyi, na sababu si ukaidi. Joanne Cantor, aliyetafiti hofu za watoto na TV kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, alionyesha kwamba watoto wadogo huogopa kile jicho linachokiona, na wakubwa huogopa kile kinachoweza kutokea. Katika miaka ya 1980 yeye na wenzake waliwaonyesha watoto sehemu ya kipindi cha The Incredible Hulk. Wadogo waliogopa mno pale mtu mpole anapogeuka jitu la kijani, hata kama jitu hilo ndilo linalokuja kuokoa. Mgeuko wenyewe ndio uliowatisha. Na katika filamu yenu kinachogeuka ni nyumba nzima.

Kinachomsaidia mtoto wa umri huu ni kufanya kitu kwa mikono yake, kukumbatiwa, na kuzoeshwa kidogo kidogo. Maelezo marefu hayamfikii. Basi tuanze na mlango.

Leo usiku, kabla ya kupiga mswaki, mpe kazi ya kufunga nyumba. Mwende pamoja mlango wa mbele. Yeye azungushe kitasa, wewe mwinue aguse komeo la juu, asikie linavyolia “tak”. Avute mpini mwenyewe aone hautoki. Kisha dirisha la chumbani kwake. Halafu aseme kwa sauti, “Nyumba yetu nimefunga.” Fanyeni mara moja tu, kwa mpango ule ule kila usiku. Akiuliza tena akiwa kitandani, usiinuke kwenda kuhakikisha. Mwulize yeye: “Nani alifunga?” Atajibu, “Mimi.” Hapo ndipo wengi wanapoharibu, dada: wakiulizwa mara ya pili wanarudi mlangoni, na mtoto anajifunza kwamba mara ya kwanza haikutosha. Siku tatu nne za mwanzo atauliza bado. Usichoke, jibu liwe lile lile.

Kuna wazazi huko Marekani wanaojaza chupa maji wakapulizia chini ya kitanda na kuiita dawa ya mazimwi. Kwa mwanao tunakushauri usifanye. Ukipuliza dawa umekiri kwamba kuna kitu cha kupulizia, na hofu yake hasa ni kwamba kuna mtu ameingia. Vivyo hivyo kupekua kabati kila usiku.

Taa ya usiku weka, iwe ndogo, yenye mwanga wa rangi ya chungwa au nyekundu, kwa sababu mwanga mweupe mkali unamfukuza usingizi. Iweke mbali na vitu vyenye miguu mirefu kama kiti au kiango cha kutundikia nguo. Taa ikiwa sakafuni nyuma ya kiti, ukutani panatokea kivuli kirefu mara tatu ya kiti chenyewe, nawe umemletea mtu wa fimbo chumbani. Lala kitandani kwake dakika moja, kichwa kwenye mto wake, uangalie anachokiona yeye.

Sasa huku kuamka. Umetueleza mambo mawili tofauti, na kila moja lina namna yake.

Kule kwa saa nne usiku, macho wazi, anakusukuma, asubuhi hakumbuki, ni kuweweseka. Hutokea katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku, kwa kawaida saa moja hadi tatu baada ya kulala. Mtoto hajaamka, hata kama macho yanaonekana. Usimtikise, usimwashie taa kubwa, usimwite kwa sauti ya juu, maana akiamshwa katikati atachanganyikiwa zaidi. Kaa karibu asianguke wala asijigonge, sema maneno machache ya polepole, ngoja dakika zipite. Asubuhi usimwulize, wala kaka yake asimwigize. Kuweweseka kunachochewa zaidi na uchovu kuliko filamu, na mtoto aliyekatika usingizi siku sita amechoka. Mlaze nusu saa mapema wiki hii. Ikirudi saa ile ile usiku kadhaa mfululizo, mwamshe kidogo kama dakika 20 kabla, yaani saa nne kasoro dakika ishirini, ageuke upande, anywe maji kidogo, alale tena. Fanya hivyo kwa wiki moja.

Kule kwa alfajiri, anakuja mwenyewe analia na kusimulia, ni ndoto mbaya. Hapo ameamka kabisa, anakujua, anahitaji kukumbatiwa. Mrudishe kitandani kwake ukae naye hapo, badala ya kumwacha alale kwenu, kwa sababu shida yake ni kuamini kwamba chumba chake ni chake. Asubuhi mkinywa chai mwulize ndoto iliishaje. Akisema ilikatika, mwambie aimalize yeye apendavyo. Akimwangushia Jafar sufuria ya maji moto, mwache amwangushie.

Saa nazo ziangalie. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa za Marekani zinarudishwa nyuma kwa saa moja, na mwili wa mtoto hautajua. Usingizi wake ukishatulia, na kama zimebaki siku sita kufika Jumapili hiyo, chelewesha muda wa kulala kwa dakika kumi kila siku, usije ukamchokesha tena kwa mkupuo mmoja. Ukiona bado anaweweseka, acha, zoezi hilo lifanyike taratibu baada ya Jumapili.

Jambo la pili ni kumalizia hadithi. Hapa tunatofautiana kidogo na mama mkwe kuhusu kurudisha diski leo. Tunaomba siku chache, na tutaeleza kwa nini ombi hili atalielewa kuliko mnavyodhani.

Kwanza itazame wewe peke yako, watoto wakiwa nje au shuleni, na kalamu mkononi. Andika dakika ambayo wimbo unaanza, dakika ambayo pambano la Mickey na Jafar linaanza, na dakika ambayo klabu inarudi kwa wenyewe. Jaribu rimoti uone jinsi ya kuruka kutoka sehemu hadi sehemu, kwa sababu ukibonyeza ovyo mbele ya mtoto unaweza kumfikisha kwenye wimbo ule ule.

Halafu Jumamosi saa nne asubuhi, mapazia wazi, jua ndani, mtoto ameshakula. Asiwe mapajani mwa kaka, awe kwako. TV bila sauti kabisa. Hili msilipuuze: nusu ya utisho wa katuni uko kwenye muziki na vicheko. Picha ya Jafar bila sauti inabaki mtu aliyechorwa anayepanua kinywa. Rimoti mpe yeye, mwonyeshe kitufe cha kusimamisha, afanye mazoezi mara tatu kwenye picha ya Mickey tu: simamisha, endelea, simamisha. Ndipo unamwambia, “Hujaona wenyewe walivyorudi kwao. Unataka kuona?” Akisema hapana, basi leo hapana, mnafunga TV mnakwenda bustanini. Usibembeleze.

Akikubali, anzeni dakika mbili tatu kabla ya mwisho, pale maadui wanapofyonzwa ndani ya taa. Msianze mwanzo wa filamu kwa kutumaini kwamba safari hii atavumilia. Akiutazama mwisho na akataka tena, rudieni, na sauti iongezwe kidogo yeye akipenda. Watoto wa umri huu hutaka kitu kile kile mara kumi, na hapa kurudia ndiyo dawa yenyewe. Dakika kumi zinatosha. Akikataa Jumamosi mbili mfululizo, msimulie mwisho kwa mdomo tu, diski ikarudi.

Filamu nzima tungeiacha mwaka huu kwa mdogo. Si kwamba ni mbaya, ni katuni ya familia na wengi wanaipenda, ila ukihesabu filamu fupi zilizomo utaona karibu zote zinazunguka nyumba na milango. Iko ya mwaka 1952 ambayo wapwa watatu wa Donald, yule bata rafiki wa Mickey, wanaizingira nyumba yake kudai peremende wakisaidiwa na mchawi, hadi miguu ya Donald inarogwa ili mlango wa stoo uvunjwe. Iko ya 1944 ambayo sokwe aliyetoroka anaingia nyumbani kwa Donald. Nyingine Mickey ananunua nyumba ya mitambo, na mitambo inamgeuka. Nyingine Goofy ni mzimu anayemsumbua Donald nyumbani mwake. Kwa mtoto mwingine ni vichekesho. Kwa mtoto ambaye jeraha lake la wiki hii ni nyumba, ni kidole juu ya kidonda kila dakika nane.

Na fimbo ya nyoka? Itengenezeni. Mwaka 1975 Margaret Hamilton, aliyeigiza mchawi mwovu katika The Wizard of Oz ya 1939, alialikwa kwenye kipindi cha watoto cha Fred Rogers, akavaa zile nguo za mchawi moja moja watoto wakitazama. Hiyo ndiyo njia: mtoto aone kitu kikijengwa.

Mnahitaji bomba la karatasi ngumu lililobaki kwenye karatasi ya kufungia zawadi, urefu wa sentimita 70 au 80, karatasi ya alumini ya jikoni, utepe wa gundi, kipande cha boksi la nafaka, na stika mbili nyekundu za mviringo. Chora kichwa cha swila kwenye boksi, kipana kama kiganja chako, shingo iachwe ndefu sentimita tano ili iingie ndani ya bomba. Usiikate fupi, kichwa kitalegea na kuinama, na fimbo inayotikisa kichwa chenyewe si kitu cha kumwonyesha mtoto huyu. Chana mdomo wa bomba pande mbili, ingiza shingo, zungusha utepe. Funikeni kwa alumini kuanzia chini kwenda juu, mkibana kwa vidole. Macho abandike yeye mwisho kabisa, kisha ayabandue, ayabandike tena. Hilo la kubandua ndilo muhimu: nyoka ana macho akitaka yeye. Fanyeni mchana, kabla ya alasiri, na jioni fimbo ilale kabatini jikoni. Akitaka kuivunja, aivunje.

Tugeuke kwa kaka. Amenuna kwa haki, ahadi ni ahadi. Mpe Jumapili, baba akitoka na mdogo kwa saa mbili, aitazame yote mwanzo mpaka mwisho, nawe ukae naye angalau nusu. Kuna mambo ya kuzungumza naye. Katika ile ya 1952 Donald anawatilia wapwa zake fataki kwenye mifuko ya peremende, nazo zinalipuka. Mtoto wa miaka minane anahitaji kuambiwa waziwazi kwamba fataki mkononi huondoka na vidole. Mwulize pia kuhusu ile ya mwaka 1937, ya mizimu minne iliyochoshwa na upweke inayopiga simu kuwaita Mickey, Donald na Goofy waje kuwinda mizimu. Mwishowe hao watatu wanapakaa shira na unga, wanaonekana weupe, na mizimu yenyewe inatimua mbio. Kaka anaweza kumfundisha dada yake hilo kwa kijiko kimoja cha unga mbele ya kioo, kila mmoja ajipake shavuni. Unga msiupulize, unaingia machoni na kifuani.

Na tafadhali mzungumzie Jafar. Katika maadui wote, anayeongoza ndiye mwenye kilemba, joho na ndevu, na mwanao anasoma katika shule ambayo huenda yeye ndiye mtoto pekee ambaye babu yake anavaa kilemba siku ya Idi. Asikie kutoka kwako kwamba mchoraji alimpa adui nguo hizo, na kwamba Aladdin anayesaidia kuikomboa klabu anatoka mji ule ule wa hadithi. Usingoje mwenzake darasani amwambie kwa namna nyingine.

Sharti moja kwa kaka, na lisiwe na mjadala: asiige kile kicheko nyuma ya mlango, hata mara moja. Mara moja inarudisha wiki nzima nyuma.

Bibi yao sasa. Mama mkwe wako hakusema neno baya, dada. Ameona mjukuu analia usiku, naye ana njia anayoijua. Kusoma Ayatul Kursiy na sura tatu za mwisho, akapuliza viganjani na kumpangusa mtoto, aendelee, tena ikae mahali pake maalumu: mlango umefungwa, meno yamesafishwa, bibi anasoma, taa kubwa inazimwa. Mtoto hulala vizuri kwa mambo yanayofuatana kwa mpangilio ule ule. Mwombe jambo moja tu, na umwombe faraghani, wala si mbele ya mumeo wala watoto: “Mama, tukiwa mbele yake tusitaje mashetani wa diski. Anaamini wameingia ndani.” Tunadhani ataafiki mara moja.

Kisha mwombe hadithi. Bila shaka anaijua ile ya msichana aliyesahau kombe lake pwani, akarudi peke yake, zimwi likamtia ndani ya ngoma na kuzunguka naye vijijini likimwimbisha. Ni hadithi ya kutisha kuliko katuni yoyote, na watoto wa pwani wamelala nayo vizazi na vizazi. Kwa sababu hakuna bibi aliyewahi kusema “Paukwa, pakawa,” akamwacha mtoto ndani ya ngoma akaenda kulala. Ngoma hufunguliwa, msichana hutoka, zimwi hupigwa na nyuki na siafu. Mweleze hivyo kuhusu diski: kwamba mjukuu wake ameachwa ndani ya ngoma, nanyi mnataka siku chache za kumtoa. Hadithi yenyewe aisimulie mchana, si usiku wa wiki hii.

Ama kusherehekea Halowini au kutosherehekea, hilo ni la nyumba yenu. Usiku huo ulikuwa mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote ya tarehe 1 Novemba, desturi zake zikavushwa Marekani na wahamiaji wa Ireland na Scotland, na familia nyingi za Kiislamu, na za Kikristo pia, hazishiriki. Shule ikiambiwa kwa heshima huelewa. Amueni wewe na mumeo, mkamweleze mama uamuzi mmoja.

Ila mkiamua lolote, tarehe 31 kengele ya mlango wenu inaweza kulia. Minnesota jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni, na tangu hapo watoto wenye vinyago hupita mlango hadi mlango. Kwa mwanao, hao ni watu wa fimbo ya nyoka wanaobisha hodi. Kama hamshiriki, zima taa ya nje ya mlango mapema, kabla ya giza, maana mitaani huko taa iliyozimwa ni ishara kwamba nyumba hii haitoi peremende. Kama mlango wenu unafungukia kwenye ukumbi wa jengo, bandika karatasi yenye maneno mawili matatu ya upole ya kuwaomba wasipige kengele. Mwambie mtoto asubuhi, siyo jioni: “Leo watoto watapita nje na nguo za mchezo. Sisi mlango tutafunga saa kumi na moja, wewe ndiye utakayefunga.”

Kama mnashiriki, msimvalishe wala msimtembeze mwaka huu. Akae ndani na bakuli. Wewe ndiye unayefungua mlango, nusu tu, ukiwa umembeba. Watoto wa kwanza waombe wainue vinyago kidogo, wengi wao hufurahi kufanya hivyo, aone pua na meno ya watoto wenzake. Yeye ndiye atoe peremende, moja moja, na yeye ndiye aseme kwaheri na kusukuma mlango. Watoto wanne watano wanatosha. Kisha taa ya nje izimwe, akifunga komeo kwa mkono wake, usikilizeni pamoja lile “tak”.

Baada ya wiki nne, kama bado anaweweseka mara kwa mara, au anakoroma sana, au hofu imehamia mchana hata hataki kwenda shule, mpelekeni kwa daktari wake wa watoto na umpe tarehe na saa ulizoandika. Anza kuziandika leo.

Washauri wako